Mwongozo kamili: kuisaka naitrojeni inayoharibu mto, bwawa au msitu wako kabla hujaanza kung'oa magugu

Bwawa likigeuka kijani, maji yakaanza kunuka na samaki wakaonekana wanaelea tumbo juu, kitu cha kwanza watu wanafanya ni kukusanyana kung'oa magugu maji. Yanatolewa, yanarundikwa palepale ukingoni, mvua ikija yanaoza na ule uozo wote unateremka kurudi majini, msimu unaofuata kila kitu kiko vilevile halafu lawama zinaanza. Kung'oa magugu bila kujua nani anayalisha ni kazi isiyoisha, na mara nyingi mlishaji ni naitrojeni iliyozidi akiwa na mwenzake fosforasi.

Sasa hii naitrojeni ina njia nne za kufika kwako: inadondoka kutoka hewani, inabebwa na maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi, inapita chini kwa chini, au inatoka moja kwa moja kwenye bomba au mtaro. Mwongozo wote huu ni wa kujua ni njia ipi kati ya hizo, sababu dawa ya njia moja haisaidii kitu kwenye nyingine. Nimeona watu wakipanda miti ukingoni kwa juhudi zote wakati tatizo lao linapita kwenye bomba lililofukiwa chini ya hiyohiyo miti.

Kabla ya yote, unapambana na nini

Hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni asilimia 78 hivi na haina shida yoyote, atomi zake mbili zimeng'ang'aniana kiasi kwamba mimea haiwezi kuzitumia, ni sawa na hela iliyo kwenye sefu halafu funguo huna. Kwa miaka yote waliokuwa na funguo ni bakteria fulani (wakiwemo wale wanaokaa kwenye mizizi ya mimea ya kunde) pamoja na radi. Kwa hiyo mimea mingi ya porini imezoea maisha ya kubana, inaishi kwa naitrojeni kidogo sana na ndo maana spishi nyingi zinaweza kukaa pamoja bila mmoja kumeza wengine.

Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber akafanikiwa kutengeneza amonia, malighafi ya mbolea, maabara kutoka hewani, Carl Bosch akaifanya ya kiwandani, na 1913 kiwanda cha kampuni ya kemikali ya BASF pale Oppau, Ujerumani, kikaanza kuzalisha. Mimi sio wa kuitukana mbolea, watu wengi sana duniani wanakula leo kwa sababu ya ugunduzi huo. Shida ni kwamba kwa wastani wa dunia karibu nusu ya naitrojeni inayowekwa mashambani haiishii kwenye mazao, inapotea njiani, na huko njiani ndo kwenye mito na misitu yetu.

Inapopotea inavaa sura tofauti na lazima uzijue. Amonia ni ile gesi inayokupiga puani ukikaribia zizi au choo, inatoka kwenye samadi, mkojo na urea, na sehemu kubwa huanguka jirani na ilipotokea. Oksidi za naitrojeni za kwenye moshi wa magari na mitambo ya makaa husafiri mbali sana, zikikutana na maji angani zinakuwa asidi na kushuka na mvua. Naitreti ndo mtoro mkuu: inayeyuka kwenye maji na udongo hauishiki, maana chembe za udongo zina chaji hasi na yenyewe pia ina chaji hasi, kwa hiyo mvua ikinyesha inazama nayo hadi maji ya chini ya ardhi. Halafu kuna oksidi ya nitrasi, hiyo haiui samaki wako ila inapasha joto dunia mara 273 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na inakula ozoni pia. Tuiache hapo.

Hatua ya 1: Tembea uangalie kwa macho

Usinunue kipimo chochote bado. Chukua daftari, zunguka eneo lote, na ukiweza rudi msimu wa mvua na msimu wa kiangazi.

Majini angalia mwani wa nyuzi uliofunika mawe, magugu maji yaliyozibana, na maji ambayo zamani ulikuwa unaona chini lakini sasa huoni. Ukiona tabaka la kijani kibichi au kijani-bluu limetanda juu na kusogea na upepo, hao mara nyingi ni sianobakteria na baadhi yao wanatoa sumu, basi zuia watoto na mifugo wasiingie wala kunywa, na usidhani kuchemsha kutasaidia, sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Baharini dalili ni mwani unaofunika matumbawe na nyasi bahari zinazonyong'onyea kwa kukosa mwanga.

Nchi kavu ni kugumu zaidi kwa sababu eneo lililoharibika linaweza kuonekana zuri, tena limenawiri! Nyasi ndefu, kijani kilichokolea, mtu anapita anasema pamependeza. Kumbe palikuwa na maua madogo madogo ya kila aina na sasa zimebaki nyasi aina mbili tatu tu zinazokua haraka na kuwafunika wengine wote jua. Mahali pa kuliona hili vizuri kuliko popote ni kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kwenye jaribio la malisho lililoanza 1856 na linaendelea mpaka leo. Vipande vimepakana kabisa: kile kisichowekwa mbolea kina spishi za mimea zaidi ya 30, na vile vilivyopewa amonia salfeti nyingi mwaka baada ya mwaka bila chokaa vimebaki na spishi za kuhesabu kwa vidole, udongo wake umekuwa asidi kali. Mpaka kati ya kipande na kipande unauona kwa macho kabisa, huku rangi rangi, huku nyasi tupu.

Na usidhani lazima iwe naitrojeni nyingi. Pale Cedar Creek, eneo la utafiti huko Minnesota, Marekani, watafiti waliongeza kilo 10 tu kwa hekta kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima yeyote angekicheka, na kwa muda mrefu idadi ya spishi ikashuka kwa asilimia 17. Maeneo ya mboji yenye maji na asidi (vinamasi ambako mimea iliyokufa imerundikana bila kuoza vizuri) ndo dhaifu kuliko yote, kikomo chake cha kuvumilia huwekwa kati ya kilo 5 na 10 kwa hekta kwa mwaka kutoka hewani. Huko kuna mimea inayokula wadudu kwa sababu udongo hauna naitrojeni, na mmoja wao, Sarracenia purpurea wa Amerika Kaskazini, akipewa naitrojeni ya ziada anaacha kutengeneza mitego na kuanza kutoa majani bapa ya kawaida. Hana tena sababu ya kuwinda.

Sasa sogelea mti. Kwenye gome kuna yale mabaka mabaka yanayoitwa laikeni, yanakula kutoka hewani moja kwa moja kwa hiyo yanasema ukweli mapema kuliko chochote. Zile zinazoning'inia kama ndevu za kijivu, jamii ya Usnea, hazivumilii amonia. Zile za njano-machungwa zilizobana kwenye gome, jamii ya Xanthoria, zinaifurahia. Katika nchi ambako zote mbili zinaota, tembea kutoka kwenye banda la mifugo kwenda mbali, ukiona karibu ni njano tupu na ndevu zinaanza kutokea kadiri unavyosogea mbali, tayari una jibu: ni amonia ya hewani na chanzo umekipa kisogo. Kama kwenu hazipo, linganisha tu aina za laikeni za karibu na za mbali na chanzo unachokishuku, kwenye miti ya aina moja, upande uleule wa shina.

Hatua ya 2: Chora ramani ya maji na upepo

Hii ni fupi lakini wengi wanairuka. Chora mto au bwawa, mashamba, mabanda, vyoo na matangi ya maji taka, barabara kubwa, viwanda, halafu weka mishale: maji ya mvua yanateremkia wapi, upepo kwa kawaida unatoka wapi. Tafuta hasa mitaro na mabomba ya kukaushia mashamba. Waulize wazee na mafundi waliochimba, mabomba mengine yalifukiwa zamani na hayapo kwenye karatasi yoyote ila mdomo wake bado unatiririka kwenye kingo za mto chini ya vichaka.

Hatua ya 3: Pima, lakini pima kwa akili

Unahitaji vitu vichache: vipimo vya naitreti, amonia na fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini (vya matone ni sahihi kuliko vijiti), kipimo cha pH (kinaonyesha asidi ya maji, namba ikipanda asidi inapungua), kipimajoto, kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka, na sahani ya Secchi. Hiyo sahani ni duara la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe, limefungwa kamba yenye alama, unaishusha majini mpaka isionekane, unaipandisha mpaka ionekane tena, unachukua wastani wa hivyo vina viwili. Pietro Angelo Secchi alianza kuitumia 1865 na mpaka leo hamna kifaa rahisi kuliko hicho cha kujua kama maji yanazidi kuwa na mwani.

Mitego iko mingi hapa, soma taratibu.

Mtego wa kwanza ni namna ya kuandika naitreti. Kuna maabara zinaandika naitreti nzima, yaani NO3, na nyingine zinaandika naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, yaani NO3-N. Ni maji yaleyale lakini namba zinatofautiana mara 4.43. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita na Marekani wanasema 10, watu wanagombana mitandaoni nani mkali kuliko mwenzake wakati 10 mara 4.43 ni 44 na kidogo, wanakaribiana sana. Kila ukiandika namba, andika na herufi zake.

Na tukiwa hapohapo: kama maji ya kisima yamepita hicho kikomo, asipewe mtoto mchanga hasa wa chini ya miezi 6, naitreti inaharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Kuchemsha hapa kunazidisha tatizo, maji yanapungua kwa mvuke na naitreti inabaki.

Mtego wa pili ni saa ya kupimia oksijeni. Mchana mwani unatengeneza oksijeni kwa jua, ukipima saa nane mchana utapata namba nzuri ajabu na utaondoka unatabasamu. Usiku wote mwani uleule, pamoja na bakteria wanaokula uozo, wanavuta oksijeni bila kurudisha. Kwa hiyo nenda kabla jua halijachomoza. Ukifika kimya kimya utawaona samaki wadogo wamepanga juu kabisa, midomo nje, wanahema kwenye ile filamu nyembamba ya maji iliyogusana na hewa, na ukipiga hatua nzito hawazami, hawana nguvu. Chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanaanza kuteseka, chini ya 2 viumbe vingi vinakimbia au vinakufa. Maeneo ya bahari ya namna hiyo yanaitwa kanda mfu, na ile ya Ghuba ya Meksiko inayolishwa na mto Mississippi ilifika kilomita za mraba zaidi ya 22,000 mwaka 2017.

Mtego wa tatu ni amonia. Kipimo chako kinakupa jumla, lakini kinachoua samaki hasa ni ile sehemu iliyo katika hali ya gesi, na sehemu hiyo inategemea pH na joto. Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7 ni chini ya asilimia 1 ya jumla. pH ikifika 9 ni zaidi ya theluthi! Na nani anapandisha pH? Mwani wenyewe, unapomaliza kaboni dayoksaidi ya majini mchana. Kwa hiyo bwawa la kijani linaweza kukuua samaki mchana kwa amonia na alfajiri kwa kukosa oksijeni, na ukipima asubuhi saa nne huoni lolote kati ya hayo mawili.

Mahali pa kupimia: juu ya mto kabla ya kila chanzo unachokishuku, na chini yake. Usipime katikati ya mdomo wa bomba tu halafu ukasema mto wote uko hivyo. Pima maji ya kawaida, pima mvua kubwa ya kwanza baada ya ukame, pima tena mvua zikiwa zimekolea. Andika tarehe, saa, joto, na kama maji yamejaa au yamepungua, bila hiyo ya mwisho namba zako hazitakusaidia hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Sasa zisome namba

Hapa ndo moyo wa kazi yote.

Naitreti, fosfeti na tope vikipanda kwa pamoja kila mvua kubwa inaponyesha halafu vikashuka, ni maji yanayotiririka juu ya ardhi. Naitreti ikiwa juu wakati wote, maji ni maangavu, na inazidi kupanda mto unapopungua kiangazi, basi inatoka chini, sababu kiangazi mto unalishwa na maji ya ardhini peke yake. Amonia na fosfeti vikiwa juu kiangazi na kushuka mvua ikija, ni bomba au mtaro wa maji taka unaotoa kiasi kilekile kila siku, mvua inayapunguza makali yake tu. Na kama mto hauna shida ila msitu na maeneo ya mboji juu mlimani ndo vinabadilika, hakuna shamba wala nyumba juu yake, ni hewa.

Usisahau fosforasi. Kuna ziwa dogo Kanada linaitwa Lake 226, mwaka 1973 timu ya David Schindler ililigawa katikati kwa pazia la plastiki, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyo hivyo wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukageuka kijani, mwingine ukabaki wa kawaida. Kwenye maziwa mengi ya maji baridi ukibana naitrojeni peke yake mwani hautakushukuru wala kukulaumu, kwenye maghuba na bahari naitrojeni ndo mara nyingi inaamua. Lakini naitrojeni ya ziwani mwishowe inateremka baharini, kwa hiyo mimi nasema bana zote mbili, ila anza na ile inayoumiza maji yako wewe.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya shamba

Kama njia inaelekea shambani, usiende kwa mkulima na lawama, nenda na kalamu. Mfano: hekta moja ya mahindi imewekwa mifuko 4 ya urea ya kilo 50. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo kila mfuko una kilo 23, jumla kilo 92. Amevuna tani 4, kila tani ya nafaka inaondoka na kilo 14 hivi, jumla 56. Zimebaki kilo 36. Kama aliweka na samadi, jumlisha. Kama mwaka uliotangulia palikuwa na maharage, kuna nyingine imo udongoni.

Hizo 36 hazijapotea zote, baadhi ziko kwenye mabua na udongo, ila salio likijirudia mwaka hadi mwaka ujue linaenda mahali. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba mkulima anaona hela yake inatiririka mtoni, na mazungumzo yanabadilika papo hapo.

Hatua ya 6: Ziba kwenye chanzo

Kwa mbolea za viwandani mambo ni manne: aina, kiasi, wakati na mahali. Gawa mara mbili au tatu badala ya kumwaga yote siku ya kupanda, wakati mche bado hauna mizizi ya kuila. Urea isiachwe juu ya udongo hasa wenye unyevu na joto, ndani ya siku chache sehemu yake inakuwa amonia na kuruka, ifukie sentimita 5 au zaidi au iweke kabla ya mvua ya wastani ya kuizamisha. Mvua ya wastani nimesema, sio gharika. Baada ya mavuno usiache udongo uchi, panda zao la kufunika ardhi linyonye naitreti iliyobaki.

Samadi: ifunike, iwe juu ya sakafu isiyovuja, maji ya paa yasipite ndani yake. Ile ya majimaji isirushwe hewani kwa kunyunyiza, ipelekwe chini kabisa kwa mabomba yanayoburuta ardhini au ichomekwe kwenye udongo. Protini ya chakula cha mifugo iliyozidi mahitaji yao inatoka kama naitrojeni, sehemu kubwa kwenye mkojo, kupunguza hapo ni kuzuia tatizo kabla halijazaliwa.

Vyoo. Mtu mzima anatoa kiasi cha kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka na sehemu kubwa iko kwenye mkojo. Tangi la maji taka hata likiwa zima kabisa haliondoi naitrojeni hiyo, linazuia yabisi tu, majimaji yanaingia ardhini na kugeuka naitreti. Nyumba chache zilizoachana hazina neno, nyumba nyingi zilizobanana juu ya udongo wa kichanga kando ya ziwa ni kesi nyingine, hapo unahitaji mtambo wa kusafisha wenye hatua ya kuondoa naitrojeni au vyoo vinavyotenganisha mkojo ukatumike shambani.

Moshi na amonia ya hewani huwezi kuvimaliza peke yako, hapo ni sheria. Uholanzi ndo mfano wa jinsi inavyoweza kuwa moto: Mei 2019 baraza lao la juu la kisheria liliufuta mpango wa serikali wa kutoa vibali katika maeneo ya asili yaliyokwishazidiwa na naitrojeni, miradi kibao ikasimama, na kuanzia Machi 2020 kasi ya mchana kwenye barabara kuu ikashushwa mpaka kilomita 100 kwa saa. Wakulima wakaandamana na matrekta. Ukienda kuongea na viongozi kwenu una silaha moja nzuri, makubaliano ya kimataifa ya bioanuwai ya Kunming-Montreal ya Desemba 2022, lengo la 7, nchi zilikubaliana kupunguza virutubisho vinavyopotea kwenye mazingira angalau kwa nusu ifikapo 2030. Waulize mpango wao uko wapi.

Hatua ya 7: Weka kizuizi njiani

Hiki ni cha kusaidia hatua ya 6, sio mbadala wake. Kwa maji yanayotiririka juu, ukanda wa majani na vichaka kando ya mto unapunguza kasi na kushika tope, mita 10 ni mwanzo mzuri, kwenye mteremko mkali ongeza. Lakini maji yakipita kwenye bomba la kukaushia shamba yanapita chini ya ukanda wako kama hayakuoni. Hapo likate bomba kabla halijafika mtoni ulimwagie kwenye kinamasi cha kutengeneza, au kwenye handaki lililojazwa vipande vya mbao. Ndani kule hamna oksijeni na kuna kaboni ya kutosha, bakteria wanahema kwa naitreti badala ya oksijeni na kuirudisha iwe gesi ya kawaida ya hewani, ile isiyo na shida. Hii ndo njia pekee katika hatua hii inayoiondoa kabisa, nyingine zote zinaihamisha tu. Basi kinamasi cha asili kilichopo usikikaushe, hata kama kinaonekana uchafu.

Kwa banda la mifugo, mstari mnene wa miti upande upepo unakoelekea unakamata sehemu ya amonia. Ujue tu hiyo miti inajitolea mhanga.

Hatua ya 8: Sasa ndo utoe magugu

Yakitoka, yapelekwe mbali na maji, juu ya mteremko wa upande mwingine, yakaoze yawe mbolea. Bwawa dogo usitoe wala kuua mwani wote siku moja, mwani ukifa kwa pamoja unaoza kwa pamoja na oksijeni inaisha. Kwenye malisho ya asili yaliyovamiwa na nyasi, kata na uzoe kila mwaka, yaani uyabebe yatoke eneo hilo. Ukikata ukaacha palepale umerudisha naitrojeni uliyotaka kuitoa. Udongo ulioingia asidi kutokana na mvua chafu una shida nyingine, kalsiamu na magnesiamu zimeshaoshwa na alumini imelegea inaenda kuharibu mashavu ya samaki, chokaa inaweza kusaidia ila usiitie kwenye maeneo ya mboji ya asili yanayotakiwa kuwa na asidi, utaua unachokiokoa.

Hatua ya 9: Jipange kwa miaka

Sehemu zilizochafuliwa na maji ya juu au bomba hurudi mapema. Tampa Bay kule Florida ilipunguza naitrojeni ya maji taka na nyasi bahari zikarudi kutanda, na Bahari Nyeusi ilianza kupata nafuu miaka ya 1990 baada ya matumizi ya mbolea kuporomoka pamoja na Muungano wa Kisovieti, bila mtu kupanga. Denmaki ilijiwekea mwaka 1987 lengo la kupunguza nusu ya naitrojeni inayoingia majini, na ilichukua miaka mingi na mipango kadhaa kukaribia hapo.

Mimea ya nchi kavu ni wazito zaidi, Cedar Creek vipande vilivyopewa nyingi havikurudia spishi zake hata miaka 20 baada ya kuacha, mbegu zimeshaisha udongoni na wavamizi wamejaa, kwa hiyo huenda ukahitaji kuleta mbegu kutoka eneo jirani ambalo bado zima. Na maji ya ardhini ndo ya mwisho kabisa, naitreti unayoipima kisimani leo inaweza kuwa ya mbolea iliyowekwa miongo iliyopita. Mtu akikuambia baada ya miaka 3 kwamba kazi yako imeshindwa sababu kisima hakijabadilika, mwonyeshe vipimo vya maji yanayotoka moja kwa moja shambani, yale ya mdomo wa bomba la kukaushia. Hayo hubadilika kwanza. Pima mwezi uleule kila mwaka, maji yakiwa katika kiwango kilekile, kwa kipimo cha aina ileile, na ukibadilisha aina ya kipimo tumia vyote viwili kwa pamoja msimu mmoja kabla hujaacha cha zamani.